Shofere mulevi, polisi na fimbo

Kwenye mkutano uliopita tulibishana sana juu ya shofere mulevi. Wengi tulisema: polisi wamupige! Gari ikiteremka ovyo toka Kadutu inakuta nani barabarani? Bamama wenye mizigo mgongoni, na watoto wetu. Hasira hiyo tunaielewa. (Kasiksi ni ya arusi, hapana ya usukani.)

Lakini kisha fimbo kunabaki nini? Mulevi anaamka na uvimbe, ndugu zake wanatoa kitu kidogo, kesho anaendesha tena. Karatasi hakuna. Na mama aliyegongwa, bila PV, atasimama mbele ya juji na nini?

Sheria ya polisi ya 2011 inakubali nguvu pale tu inapolazimika, tena kwa kiasi. Akikataa kushuka, ashushwe. Akipigana, afungwe pingu. Akiisha kukaa chini, fimbo ya nini? Katiba, kifungu cha 18, inawapa saa 48 za kumshika. Zinatosha kuandika PV na kusikiliza mashahidi.

Basi ajali ikitokea, tusikimbilie mawe. Tuandike namba ya gari, saa, na majina ya walioona. Katibu atapokea karatasi hiyo, na wawili kati yetu watamsindikiza mama mpaka parke.