"Timu ya Ushindi Haibadilishwi"

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wenzake, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Niliombwa nije kusema habari za nidhamu. Nimeandika karatasi tatu, na ziko hapa mfukoni. Lakini asubuhi nilipokuwa napita karibu na mabweni niliwakuta vijana kama kumi chini ya mti wakibishana juu ya timu ya shule. Nikasimama kando nikasikiliza. Nikafahamu kwamba muhula huu timu imecheza mechi tatu, imefungwa mbili na kutoka sare moja, na kwamba kila mechi mwalimu wa michezo amepanga vijana tofauti. Mmoja alisema kwa uchungu, "Mwalimu anapangua kikosi kila siku, tutazoeana lini?" Mwenzake akamjibu, "Hao kumi na moja wako wakichoka kabla ya UMISSETA, utapeleka nani?"

Kwa idhini yako Ndugu Mwenyekiti, karatasi za nidhamu zibaki mfukoni. Ubishi ule naujua. Nimekuwa ndani yake kwa miaka zaidi ya arobaini, na muda mwingi nilikuwa upande wa yule wa kwanza.

Wengi mnaikumbuka Biashara United ya Mara katika miaka yake mizuri. Iliingia Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na kwa kuwa Tanzania ilikuwa imepewa nafasi nne katika mashindano ya Afrika, timu ya Musoma ikaingia Kombe la Shirikisho. Kwetu Bukima watu ambao hawajawahi kupanda ndege walianza kubishana juu ya Djibouti na Libya kama wanaobishana juu ya Bunda na Tarime.

Septemba 2021 Biashara ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Tarehe 28 mwezi huo huo Simba wakaja Uwanja wa Karume, Musoma, tukatoka nao bila kufungana. Tarehe 15 Oktoba, jijini Dar es Salaam, tukaifunga Al Ahli ya Tripoli mabao 2–0. Mtu akisoma habari hizo tu atadhani ulikuwa mwaka wa neema. Katika ligi, hata hivyo, ushindi ulikuwa adimu kama mvua ya Julai. Ndipo ugomvi ulipoanza.

Siku hizo nilikuwa nyumbani Bukima kwa mapumziko. Kila jioni tulikaa mwaloni, dagaa wakiwa wameanikwa, tukiwapanga wachezaji ambao hawatufahamu. Kijana mmoja wa bodaboda alishikilia kwamba wachezaji wa Kombe la Shirikisho wapumzishwe katika ligi. Mwingine akasema kinyume chake: Afrika si yetu, tuiache, nguvu zote ziende kwenye ligi kabla hatujashuka. Mimi, kwa sababu ya mvi zangu na kwa sababu niliwahi kuwa nahodha, nilipewa nafasi ya kuhukumu. Nikasema neno nililolisema tangu ujana: timu ya ushindi haibadilishwi. Watafutwe kumi na moja bora, wacheze Jumatano, wacheze Jumapili, na anayesema amechoka aende akalime.

Watu walicheka. Mmoja hakucheka. Ni mtu wa rika langu, tulisoma naye hapa, na sasa ana mitumbwi yake miwili ya dagaa. Alikuwa anashona wavu. Akaniuliza pasipo kuinua macho, "Kocha anajua nani anaumwa. Wewe unajua?"

Nikanyamaza. Wale vijana hawakuelewa kwa nini mzee mwenye maneno mengi amenyamaza ghafla. Ninyi nitawaeleza.

Mwaka 1984 nilikuwa nahodha wa timu ya shule. Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka hali ilivyokuwa: mafuta ya shida, sabuni ya shida, na timu nzima ilikuwa na jozi saba za viatu vya mpira, wengine wakicheza pekupeku. Tulikuwa na mechi mbili katika siku tatu. Tukashinda ya kwanza. Rafiki yangu huyo alikuwa beki wa kulia, na wa kumpita sikumwona mkoa huu. Baada ya mechi goti lake likavimba. Mwalimu wa michezo akasema kesho kutwa atapumzika, ataanza mdogo mmoja wa kidato cha pili.

Usiku ule nilikwenda nyumbani kwa mwalimu pamoja na wenzangu watatu. Tukabisha hodi, tukakaribishwa, tukakaa. Nikamwambia mwalimu kwamba timu ya ushindi haibadilishwi. Nikamwambia kwamba mdogo yule atatufungisha. Nikamwambia, na hili ndilo linalonisumbua, kwamba nimezungumza na rafiki yangu na amesema goti halimwumi. Nilikuwa nimezungumza naye kweli. Nilimwuliza mbele ya timu nzima, "Unaumwa au huumwi?" Kijana wa miaka kumi na minane, mbele ya wenzake, angejibu nini?

Mwalimu akakubali shingo upande. Rafiki yangu alicheza mpaka karibu na mwisho, akaruka mpira wa juu, akashukia mguu ule. Tulishinda bao moja kwa bila. Tulirudi juu ya lori tukiimba, naye amelala juu ya magunia, na kila lori liliporuka shimo tuliimba kwa sauti zaidi ili tusimsikie. Hakucheza mpira tena. Mpaka leo akishuka mtumbwini hutanguliza mguu wa kushoto na kushika ubao kwa mikono miwili. Yule mdogo wa kidato cha pili hakupata nafasi mwaka ule, na alipofika kidato cha nne alikuwa ameacha mpira.

Wakati ule sheria za mpira ziliruhusu kuingiza wachezaji wawili tu wa akiba. Mwaka 1995 wakafikia watatu. Mwaka 2020 wakaruhusiwa watano kwa muda, na 2022 ikawa sheria ya kudumu. Wakubwa wa mpira duniani wamepindana na jambo hilo miaka mingi kabla ya kukubali kwamba mwili wa mchezaji una kikomo. Wavuvi wetu wanalijua siku zote kuhusu kazi yao. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, basi mitumbwi hukaa pwani, nyavu zikaanikwa na kushonwa. Hakuna anayemwambia mvuvi kwamba ni mvivu.

Sasa, yule kijana wa kwanza wa chini ya mti asidhani namfukuza. Ana hoja. Beki na kipa wasiozoeana huachiana mpira, na bao linaingia katikati yao. Mwalimu akibadili watu saba kwa mpigo si kupumzisha, ni kuanza upya. Angebadili wawili au watatu, na uti wa mgongo wa timu akauacha ulivyo, labda zile mbili mlizofungwa mngefungwa moja. Hilo mwambieni, kwa adabu, mwalimu atawasikia.

Tena benchi lina gharama. Turudi kwa Biashara. Kocha Francis Baraza kutoka Kenya, aliyekuwa nayo sehemu kubwa ya ule msimu wa nafasi ya nne, alikwisha kwenda Kagera Sugar. Mechi zake za nyumbani za Afrika zilichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Musoma, kwa hiyo hata nyumbani kulikuwa safari. Mechi ya marudiano na Al Ahli haikuchezwa, kwa kuwa timu ilikwama kwa matatizo ya usafiri wa kwenda Libya, na yale mabao mawili yakapotea hivi hivi. Msimu ulipokwisha Biashara ilikuwa ya 15 kati ya timu 16, ikashuka daraja. Yanga, waliotolewa Afrika na Rivers United ya Nigeria Septemba ile ile, walicheza mechi 30 za ligi pasipo kufungwa hata moja wakawa mabingwa. Sisemi kutolewa mapema ndiko kulikowapa ubingwa. Walikuwa na wachezaji, na walikuwa na fedha ya kuwa na wengine wazuri nyuma ya hao. Sisi kule mwaloni tulitaka Biashara ipumzishe watu kama Yanga, na katika watu kumi na wawili tuliokuwa tukipiga kelele, waliokuwa wamekata tiketi ya Karume mwaka ule walikuwa wawili. Mimi sikuwamo.

Baada ya swali lile sikuthubutu kuzungumza na rafiki yangu kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimfuata mwaloni nikamwambia habari za usiku ule nyumbani kwa mwalimu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Alikuwa anajua. Mwalimu alimwambia mwaka ule ule, alipokwenda kumtazama hospitali. Amekaa nalo miaka thelathini na saba, akanunua mitumbwi, akanialika harusi za watoto wake. Aliniambia, "Ningekataa kucheza ungeniita mwoga." Nikamwambia ndiyo, ningemwita. Akanipa upande wa wavu nishike.

Leo alasiri timu ya shule inacheza na sisi wazee. Nimesikia mwalimu wa michezo atatangaza kikosi saa tisa na nusu. Vijana wawili tayari wamenijia, shikamoo nyingi, wakiomba niende kumwambia neno mwalimu juu ya nani aanze. Nimewaambia sifahamu nyumba yake.