Maneno Machache juu ya Bibi Yetu

Mabwana wenzetu, twapenda kumkumbuka bibi yetu wa Pangani, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1931, nzige walipokula mashamba, alisuka ukili usiku kwa mwanga wa kibatari, akashona mikeka na kuiuza sokoni. Fedha ile ikalipa kodi ya nyumba, na iliyobaki ikatununulia vitabu vya shule. Yeye mwenyewe alivaa kaniki ile ile mpaka ikapauka.

Tulipopata ukarani, twaliandika barua za serikali kutwa, lakini yeye tulimwandikia mara moja tu kwa mwaka. Barua hizo chache tulizikuta chini ya mto wake, zimechakaa kwa kusomewa na majirani.

Mabwana, wenye bibi hai na wawaandikie leo. Sisi tumechelewa.