Redio Moja Barazani

Mwaka 1979 Taifa Stars ilitoka sare ya 1–1 na Zambia kule Ndola, ikafuzu fainali za Afrika za Lagos, 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Hapa Chalinze mwenye redio aliitoa barazani, nasi tukakusanyika, Mkristo kwa Mwislamu, tukashangilia pamoja. Mtume Paulo atufundisha kwamba furaha na maumivu ya kiungo kimoja ni ya mwili mzima (1 Kor 12:26). Leo kila mmoja wetu ana simu yake mkononi, na mgonjwa wa nyumba ya pili hatumsikii. Tusingoje mpira utukutanishe. Jioni ya leo tukabishe hodi kwake. Amina.