Asili ya Neno la Kigae

Leo twataka kunena juu ya neno moja la kumtoa mtu katika watu wake.

Sisi tuna maneno mengi ya jambo hilo. Afukuzwaye hukimbizwa, ahamishwaye hupelekwa mahali pengine, atengwaye huenda akabaki papo hapo kijijini, ila hana wa kumsalimu. Wayunani wa kale nao walikuwa na neno lao, na asili yake ni kigae cha chungu, ambacho wao walikiita ostrakon.

Desturi ya mji wa Athene ilikuwa hivi. Kila mwaka raia waliulizwa kama yuko mtu apasaye kutolewa mjini, asije akajifanya mtawala kwa nguvu. Wakikubali, walikutana sokoni siku nyingine, kila mtu na kigae chake, amekwaruza juu yake jina la amtakaye aondoke. Ilipasa vigae vitimie 6,000. Aliyeshindwa alipewa siku 10 za kufunga safari, akae ugenini miaka 10. Mali yake haikuguswa. Walakini hakuambiwa kosa lake, wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Mtu wa kwanza alitolewa hivyo mwaka 487 kabla ya Kristo. Kutokana na kigae hicho mataifa ya Ulaya yalipata neno lao la kumtenga mtu, nalo latumika hata leo.

Plutarch asimulia kwamba mwaka 482 mkulima asiyejua kuandika alimpa Aristides kigae bila kumtambua, akamwomba aandike jina la Aristides. Akaulizwa, “Amekukosea nini?” Akajibu kuwa hakumkosea neno, wala hamjui, amechoka tu kusikia akiitwa Mwenye Haki. Aristides akaliandika jina lake mwenyewe, asiseme neno. Akatolewa; na baada ya miaka miwili, Waajemi walipokuja na vita, wakamwita arudi.

Tena, mwaka 1937 wachimbaji walikuta kisimani, kando ya kilima cha Akropoli, vigae 190 vyenye jina la Themistocles, naye ndiye aliyeongoza vita vya baharini juu ya Waajemi. Miandiko yake ni ya watu wachache tu. Wataalamu waona viliandikwa mapema ili wagawiwe watu.

Basi, tukiitwa barazani kumtoa mtu, tuulize kwanza kosa lake, tumsikie mwenyewe, tena tutazame kigae tulichopewa kimeandikwa na nani. Nasi tujuao kusoma tuwasomee wenzetu kwa uaminifu.