Mkate wa Wanafunzi wa Al-Azhar

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwachukua hata Cairo, mji mkuu wa Misri, penye msikiti wa Al-Azhar. Ulianza kujengwa mwaka 970, na mwaka 972 watu wakasali humo mara ya kwanza. Kwa karne nyingi Waislamu wameuendea kutoka nchi za mbali, ili wasome fikihi, tafsiri ya Kurani na sarufi ya Kiarabu. Sifa za masomo hayo mmekwisha kuzisikia kwa wengine. Sisi twauliza neno la nyumbani: kijana aliyesafiri miezi, asiye na jamaa wala fedha, alilala wapi, na alikula nini?

Alipokewa katika riwaki. Riwaki ni ukumbi wa msikitini, pamoja na vyumba vyake, uliotengwa kwa ajili ya watu wa nchi moja. Palikuwa na riwaki ya Washami, ya Waturuki, ya watu wa Maghribi, hata ya Wajava. Kila moja ilikuwa na shehe wake na fungu lake la mkate. Mkate huo ulitoka katika wakfu, yaani mashamba na majumba ambayo watu wenye mali waliyatoa, mapato yake yawalishe wanafunzi. Mchana kijana aliketi chini pamoja na wenzake, wamemzunguka mwalimu aliyeegemea nguzo. Jioni alirudi kwa watu wa lugha yake. Sisi tuliolala mabwenini twajua ya kuwa nusu ya somo hufahamika usiku, mwenzako akikueleza kwa lugha ya mama yako.

Riwaki inayotugusa zaidi, sisi watu wa upande huu wa Afrika, ni ile ya Wajabarti, Waislamu wa Uhabeshi na nchi za karibu na Zeila. Mmoja wao alihamia Cairo zamani, akawa shehe wa riwaki hiyo, na wazao wake wakaishika kazi hiyo baada yake. Katika ukoo huo alizaliwa Hasan, bingwa wa hesabu na elimu ya nyota. Na mwanawe Hasan, aliyezaliwa mwaka 1753, ndiye Abd al-Rahman al-Jabarti, mwandishi mashuhuri wa historia ya Misri. Tazameni basi! Wageni waliopokewa ukumbini wakawazalia Wamisri mtunza habari zao.

Naye aliandika habari nzito. Muhammad Ali, aliyeanza kutawala Misri mwaka 1805, alitaka fedha nyingi, akazitia ardhi za wakfu mkononi mwa serikali. Al-Jabarti hakunyamaza, alimlaumu katika kitabu chake. Tusidhani ya kuwa shauri hilo lilikuwa la wakubwa peke yao. Shamba likiondoka, mkate hupungua. Na mkate ukipungua, wa kwanza kufunga mzigo ni mgeni, maana mwana wa Cairo atakula kwao.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri iliwajengea wanafunzi wageni wa Al-Azhar mtaa wao wa mabweni, nje ya msikiti.