Barua ya Mwalimu wa Mbio



Kijana wetu mkimbiaji akipata barua ya chuo cha Marekani, nyumba nzima hufurahi. Wana haki. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini El Paso, naye akapata medali ya fedha Moscow mwaka 1980.

Lakini mwalimu wa mbio huwaandikia vijana wengi kwa nafasi chache. Aliye wa nne hamwambii kuwa ni wa nne, kwani wa kwanza akikataa atamhitaji. Ndiyo sababu maneno huwa matamu, kisha kimya cha miezi. Ahadi ya mdomo huko haimfungi yeyote. Hufunga karatasi ya msaada wa masomo iliyotiwa sahihi.

Basi kijana aandike kwa adabu: Nafasi ipo? Ada italipwa yote, au sehemu? Jibu litatoka lini? Sisi tumewalea wangoje mkubwa aseme. Huko, anyamazaye hudhaniwa hataki.

Na mpaka karatasi ifike, asiiache nafasi yake ya Makerere.