Nani Atamlipa Fundi? Kampuni Chipukizi za Programu Zikitazamwa Kutoka Kanyangi



Waandishi wengi wa programu nchini Kenya wana kazi mbili. Ya kwanza huwalipa mwisho wa mwezi. Ya pili huifanya usiku, kwa bando walilonunua wenyewe, wakitumaini kwamba siku moja itawaachisha ile ya kwanza. Programu ya Ushahidi ilianza hivyo. Januari 2008, nchi ikitokota baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alitoa wito wa kutengenezwa ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani, aliiandika programu kwa siku chache, huku Juliana Rotich na Erik Hersman wakishika kazi nyingine. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuifanya. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mwaka huo wa 2010 ulikuwa na neema. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa Nairobi. Kampuni ya Africa's Talking ilianzishwa, ikamrahisishia mwandishi wa programu kazi ya kutuma meseji na kuunda menyu za USSD bila kubisha mlango wa kila kampuni ya simu. Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda Euro 10,000 kwa M-Farm, huduma iliyomwezesha mkulima kuuliza bei za soko kwa meseji.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kutoka Nairobi. Kanyangi huzisikia kwa mbali, ingawa haiko mbali nazo kiasi hicho. Kwa Vonza, katika eneobunge hilihili la Kitui Vijijini, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya hufundisha sayansi ya kompyuta. Upande wa Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, kuna Konza, mji wa teknolojia wa ekari 5,000 ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Konza imejengwa polepole mno, na huenda hilo lisimsumbue sana kijana wa Kanyangi, kwa sababu mradi wenye mafunzo mengi zaidi kwake haukuhitaji mji mpya. Ulihitaji mpini wa pampu.

Ulifanyika Kyuso, kaskazini mwa Kitui, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, walitia ndani ya mipini ya pampu za mkono kifaa cha kupima mwendo, cha aina ileile inayoijulisha simu kwamba imegeuzwa. Mama akipiga pampu, kifaa huhesabu mipigo, hukadiria maji yaliyotoka, kisha hutuma takwimu kwa meseji kupitia mtandao wa kawaida wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi hutumwa. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika majaribio hayo muda ulishuka hadi chini ya siku 3.

Anayependa teknolojia atakisifu kifaa. Asiwe na haraka. Pampu hunyamaza pia mvua inaponyesha, maana watu hukinga maji ya mabati au huchota madimbwini, karibu na nyumbani na bila malipo. Programu isiyojua majira ingemtuma fundi kilomita nyingi kwa pikipiki akaikute pampu nzima kabisa. Na majira ya Ukambani yana mambo yake: mvua wanayoitegemea zaidi wakulima ni ya Oktoba hadi Desemba, si ile ya Machi. Apu ya kilimo iliyoandikwa kwa kalenda ya Bonde la Ufa, ikimhimiza mkulima wa ndengu wa Kanyangi apande kwa wingi mwezi wa Machi, itampa hasara kwa Kiswahili safi.

Lakini jambo zito zaidi lilikuja baada ya majaribio. Meseji haikazi nati. Ili zile siku 3 zidumu ilibidi iundwe kampuni ya matengenezo, FundiFix, yenye mafundi, vipuri na mikataba na kamati za maji, ikihudumu Kitui na Kwale. Wanakijiji hulipa ada ndogo, na mfuko maalumu hujazia pengo, kwa kuwa ada peke yake haitoshi. Msimbo uliokuwa kiini cha utafiti ukageuka kuwa sehemu ndogo ya biashara.

Hapo ndipo kampuni nyingi chipukizi hukwama, hata zenye mtaji mnene. Kampuni ya Copia ilikuwa na wazo zuri: mteja wa kijijini aagize bidhaa kupitia wakala, ambaye mara nyingi ni mwenye duka la jirani, kisha aletewe. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi. Agizo husafiri kwa sekunde moja, lakini lori linalopeleka unga na sabuni kwenye barabara ya vumbi hunywa mafuta yaleyale, liwe limejaa au nusu tupu.

Kwa hiyo kijana anayeandika programu usiku hapa Kanyangi angefaa kuanza na anayelipa, kabla ya kuchora hata skrini moja. Kwa maji, jibu limo katika sheria. Sheria ya Maji ya 2016 inazitaka serikali za kaunti ziweke utaratibu wa kufikisha huduma ya maji vijijini hata pale biashara isipolipa. Basi mteja wa programu ya kufuatilia pampu huenda asiwe mama mwenye mtungi, bali ofisi ya maji ya kaunti, na ofisi hununua kwa zabuni. Jirani zetu wa Makueni walizindua tovuti ya zabuni za wazi mwaka 2019, ambako mwananchi husoma kazi gani imetolewa, kwa nani na kwa shilingi ngapi. Mwanafunzi wa Kwa Vonza anaweza kuifungua leo jioni, ajumlishe fedha zinazoenda kwenye visima na pampu, kisha aamue kama hapo pana kazi ya kumwachisha ile ya mwisho wa mwezi.